Jamii Inatutarajia Nini? Amana Baina ya Mtumishi na Watu Wake

 



Katika makala hii tumependa kulieleza jambo ambalo kila mmoja wetu anakutana nalo kila siku, ingawa ni wachache wanaokaa kulifikiri. Nalo ni namna mtu au taasisi inavyohusiana na jamii inayoitegemea, na nini jamii hiyo ina haki ya kukitarajia.

Mama anapomtuma mtoto dukani kununua sukari kilo moja, anatarajia kuwa mizani ya muuza duka haikuchezewa. Mgonjwa anapopewa dawa, anatarajia kuwa ndani ya chupa mna kile kilichoandikwa nje. Mzazi anapomleta mwanawe madrasa, anatarajia kuwa atafundishwa, na kwamba atarudi nyumbani salama. Muumini anapotia shilingi mia tano katika mfuko wa msikiti, anatarajia kuwa zitafika pale alipoambiwa zinakwenda.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeandikiana mkataba. Mama hana mizani yake, na mgonjwa hana maabara. Wote wameamini tu. Hivyo basi, yule aliyeaminiwa amebeba amana hata kama hakuna karatasi aliyotia saini. Swali letu ni hili: amana hiyo inalindwa vipi, na inapotea vipi?

FUNDISHO LA USIKU WA ITIKAFU

Imam Bukhari na Imam Muslim wamepokea kisa mashuhuri cha Bi Safiyya binti Huyay (R.A.), mke wa Mtume (S.A.W.). Mtume alikuwa amekaa itikafu msikitini katika kumi la mwisho la Ramadhani. Bi Safiyya akaja kumzuru usiku, wakazungumza kwa muda, kisha akainuka kurudi nyumbani. Mtume naye akainuka kumsindikiza. Wakapita watu wawili miongoni mwa Ansari, wakatoa salamu na kuharakisha mwendo. Mtume (S.A.W.) akawataka wasiende mbio, akawafahamisha kuwa aliyekuwa naye ni Safiyya. Wale masahaba wawili walistaajabu sana, maana haikuwapitikia kumdhania vibaya Mjumbe wa Mwenyezi Mungu. Naye akawaeleza kuwa shetani humpenya mwanadamu kama damu inavyopita mwilini, na kwamba alichelea asije akatia kitu nyoyoni mwao.

Hebu tuliangalie jambo hili kwa makini. Kwanza, hapakuwa na kosa lolote, kwani mume alikuwa amemsindikiza mkewe. Pili, hapakuwa na aliyeuliza. Tatu, aliyetoa maelezo ndiye mtu aliyeaminika kuliko wote, ambaye hata kabla ya utume watu wa Makka walimwita Al-Amin. Pamoja na yote hayo hakusema kuwa wanamjua na hivyo hana haja ya kujieleza. Alisema mapema, kwa maneno machache na ya wazi, kisha jambo likaisha palepale.

Wanavyuoni waliosherehesha hadithi hii wamechukua humo fundisho kwamba inampasa mtu ajiepushe na mahali pa kudhaniwa vibaya, na kwamba akijikuta pahali hapo bila ya kosa, basi aeleze. Kueleza huko hakumvunjii heshima. Ni kuwahurumia watu, ili wasije wakaingia katika dhambi ya dhana mbaya kwa sababu ya kimya chake.

Ama huenda msomaji akasema: hayo ni ya Mtume na masahaba zake, je, katika biashara na mashirika makubwa ya zama hizi kanuni hii inafanya kazi? Tutatoa mifano miwili kutoka mbali na kwetu, mmoja wa Marekani na mwingine wa Ujerumani, ambayo duniani kote inasomeshwa katika vyuo vya biashara na mawasiliano.

KISA CHA KWANZA: DAWA YENYE SUMU, 1982

Mwishoni mwa mwezi wa Septemba 1982, katika mji wa Chicago na vitongoji vyake, watu walianza kufa ghafla. Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka 12. Katika familia nyingine alikufa kijana mmoja, na jamaa walipokusanyika kwa msiba, ndugu yake na mke wa ndugu huyo wakanywa dawa ya maumivu kutoka chupa ileile aliyoitumia marehemu. Nao wakafa. Kwa jumla walikufa watu saba.

Ilibainika kuwa wote walikuwa wamemeza kapsuli za Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu ambayo kiini chake ni kilekile cha Panadol tunayoijua sote. Ndani ya kapsuli hizo mlikuwa na sumu kali ya sianidi. Polisi walipita mitaani na vipaza sauti wakiwaonya watu wasiitumie.

Wachunguzi waligundua kuwa chupa zenye sumu zilitoka katika viwanda tofauti, lakini vifo vyote vilitokea eneo la Chicago tu. Kwa hiyo wakaona kuwa sumu haikutiwa kiwandani. Yawezekana mtu alizichukua chupa madukani, akazitia sumu, kisha akazirudisha kwenye rafu. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo.

Kampuni iliyokuwa ikimiliki dawa hiyo, Johnson & Johnson, ingeweza kusema: hatukufanya sisi, mtafuteni muuaji. Na ingekuwa imesema kweli. Lakini viongozi wake, chini ya mwenyekiti James Burke, walilitazama jambo kwa jicho la mama aliyekuwa na chupa hiyo kabatini. Mama huyo hakuwa na haja ya kujua kosa ni la nani. Alichotaka kujua ni kama mwanawe yu salama.

Basi kampuni ilisimamisha matangazo yote ya dawa hiyo, na ikawataka watu wasiitumie mpaka jambo lifahamike. Ikafungua simu ya bure ili kila mwenye wasiwasi aulize. Mapema mwezi wa Oktoba ikaziondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31 katika nchi nzima, si Chicago peke yake, kwa hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Waliokuwa na kapsuli majumbani wakabadilishiwa kwa vidonge vigumu ambavyo haviwezi kufunguliwa na kutiwa kitu.

Kabla ya msiba huo, dawa hiyo ilikuwa ikichukua zaidi ya theluthi moja ya soko la dawa za maumivu nchini Marekani. Baada ya vifo ikaporomoka hadi chini ya asilimia 10, na wataalamu wengi wa matangazo walidhani jina hilo limekufa. Lakini mwezi wa Novemba mwaka huohuo ilirudi ikiwa na kifungashio kipya chenye vizuizi vitatu, ambacho mtu akikigusa huonekana kimeguswa. Haukupita muda mrefu ila watu walirudi kuinunua. Mwaka 1983 Bunge la Marekani likapitisha sheria inayofanya kuwa ni kosa la jinai kuchezea bidhaa za walaji. Utando au kizibo cha usalama tunachokivunja leo tunapofungua chupa nyingi za dawa ni katika matunda ya msiba ule.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kuwa msiba wenyewe haukuvunja imani ya watu. Imani ingevunjika lau kampuni ingelinyamazia jambo, au ingelipima kwa faida na hasara tu. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua.

KISA CHA PILI: GARI LILILOJUA LINAPIMWA, 2015

Kisa cha pili ni kinyume cha hicho. Kampuni ya magari ya Volkswagen ya Ujerumani ilikuwa ikiyatangaza magari yake ya dizeli nchini Marekani kuwa ni masafi, hayachafui hewa. Wanunuzi wengi waliyachukua kwa sababu hiyo hasa, wakitarajia kuwa wamefanya wema kwa mazingira.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliyapima baadhi ya magari hayo yakiwa barabarani, badala ya kuyapima ndani ya karakana kama ilivyo ada. Matokeo yao yalitoka mwaka 2014, na yalionesha kuwa moshi wa barabarani ulikuwa na gesi chafu nyingi mno kuliko ule wa karakana. Serikali ikahoji. Kwa muda kampuni ilitoa visingizio vya kiufundi. Hatimaye, mwezi wa Septemba 2015, ukweli ukatoka hadharani.

Ndani ya magari hayo mlikuwa na programu ya kompyuta iliyoweza kutambua kuwa gari linapimwa. Magurudumu yanazunguka lakini usukani haugeuzwi: basi hapo ni karakana. Gari likawasha vichujio vyote na kutoa moshi msafi. Likirudi barabarani, vichujio vikalegezwa, na gesi ya oksidi za nitrojeni ikatoka hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa na sheria za Marekani. Magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Mkuu wa kampuni, Martin Winterkorn, alijiuzulu siku chache tu baada ya habari kutangazwa. Mwaka 2017 kampuni ilikiri makosa ya jinai mbele ya mahakama ya Marekani, na gharama zake zote za faini, fidia na matengenezo zimepita euro bilioni 30.

Wanafunzi wetu, sisi tunalo jina la tabia hii, nalo ni riyaa. Mwenye riyaa ni msafi anapotazamwa na mchafu anapokuwa peke yake. Gari lile lilikuwa na adabu mbele ya mkaguzi, kama mwanafunzi anayehifadhi sura yake kwa bidii mwalimu anapopita, kisha anafunga msahafu mwalimu akigeuka. Tofauti ni kwamba mwanafunzi huyo anajidhulumu mwenyewe, na lile gari liliwadhulumu watu wanaovuta hewa ambao hata hawakulinunua.

AMANA HAILINDWI SIKU MOJA

Yapo mafunzo mengine ambayo wengi huyaacha wanaposimulia kisa cha Tylenol. Kampuni ileile iliyosifiwa mwaka 1982 ilikuja kushitakiwa na maelfu kwa maelfu ya watu kuhusu bidhaa yake nyingine, poda ya watoto yenye talki, wakidai kuwa iliwasababishia saratani. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa kumbukumbu za ndani za kampuni zilionesha vipimo vilivyokuwa vimekuta chembe za asbesto kwa miongo kadhaa, nayo haikuwaambia watu. Kampuni imekanusha na kusema kuwa poda yake ni salama. Hata hivyo iliacha kuuza poda ya talki Marekani na Kanada kuanzia mwaka 2020, na dunia nzima mwaka 2023.

Sisi si mahakimu wa kesi hiyo. Tunachotaka kukionesha ni kwamba sifa ya jana hailipi deni la leo. Watu walioambiwa ukweli mwaka 1982 walitarajia kuendelea kuambiwa. Kadiri unavyoaminiwa zaidi, ndivyo kimya chako kinavyouma zaidi. Msikiti, madrasa, duka au kiongozi mwenye jina zuri anapaswa kuogopa zaidi kuliko asiyejulikana, kwa sababu anacho cha kupoteza.

JE, TUFUATE KILA WANACHOTAKA WATU?

Hapa pana hatari ya kuteleza. Mtu anaweza kufahamu kuwa kuheshimu jamii ni kufanya kila inachopenda. Sivyo. Sira ya Mtume (S.A.W.) inatupa mizani iliyo sawa kwa matukio mawili.

La kwanza ni la Al-Kaaba. Maquraishi walipoijenga upya kabla ya utume hawakuikamilisha juu ya misingi yote ya Nabii Ibrahim (A.S.). Mtume alimwambia Bi Aisha (R.A.) kuwa lau si watu wake kuwa karibu mno na zama za ujahilia, angeivunja na kuijenga juu ya misingi ile. Akaiacha ilivyokuwa. Jambo lilikuwa jema, lakini lilikuwa linaweza kungoja, na nyoyo za watu zilikuwa bado hazijaweza kulibeba.

La pili ni la mwanamke wa ukoo wa Makhzum aliyeiba. Ukoo huo ulikuwa mtukufu, na jamaa zake walitamani asiadhibiwe. Wakamtuma Usama bin Zayd (R.A.), kipenzi cha Mtume, akamwombee. Mtume (S.A.W.) alikasirika na kukataa katakata, akaeleza kuwa waliotangulia waliangamia kwa kumwacha mkubwa anapoiba na kumwadhibu mnyonge, na kwamba hata angekuwa binti yake Fatima, hukumu ingekuwa hiyohiyo.

Katika tukio la kwanza aliwachukulia watu kwa upole, na katika la pili aliwakatalia. Kanuni iko wazi. Pale ambapo watu wana hofu, au hawajafahamu, tuwasubiri na tuwaeleze. Ama pale wanapotaka dhuluma, haki haipigiwi kura. Lakini hata anayekataa anapaswa kusema sababu yake hadharani, kama alivyofanya Mtume, aliyesimama akawahutubia watu.

TUJE KWETU SASA

Tuchukue mfano wa kamati ya mtaa iliyochangisha fedha za tangi la maji ya udhu. Watu wametoa shilingi 2,400,000. Tangi, saruji na ufundi vimekula 1,900,000. Zimebaki 500,000, lakini pampu na mabomba vinahitaji 900,000. Kazi imesimama. Katika kamati hiyo hakuna aliyeiba hata shilingi moja, na fedha iliyobaki ipo mfukoni mwa mweka hazina imefungwa kwa karatasi.

Lakini hawajamwambia mtu. Wanaona haya kusema kuwa hesabu imepelea. Mwezi wa kwanza watu wanaliona tangi kavu na kuuliza. Mwezi wa tatu wananong'ona. Mwezi wa sita mweka hazina ananunua baiskeli kwa jasho lake mwenyewe, na mtaa mzima unajua, bila ya kuuliza, baiskeli hiyo imetoka wapi. Mchango mwingine ukiitishwa mfuko unarudi mtupu. Mtu mwaminifu ameharibikiwa jina, waumini wameingia katika kusengenya, na wazee bado wanatawadha kwa ndoo.

Dawa ya balaa lote hilo ilikuwa ni karatasi moja mlangoni, yenye mistari minne:

Zilizopatikana: 2,400,000.
Zilizotumika: 1,900,000 (stakabadhi zipo kwa katibu).
Zilizobaki: 500,000.
Zinazohitajika ili kumaliza: 400,000.

Mwenye kuisoma karatasi hiyo hanong'oni. Pengine anatia mkono mfukoni.

Kwa hiyo tunawausia wenzetu, na tunajiusia sisi wenyewe, mambo haya:

(a) Tuseme kabla ya kuulizwa. Maelezo yanayokuja baada ya tuhuma husikika kama utetezi, hata yakiwa kweli.

(b) Tusiahidi tusichokiweza. Watu hutusamehe kwa kidogo tulichosema tutafanya tukakifanya, kuliko kikubwa tulichokitangaza kikaanguka.

(c) Panapotokea dhara, tumtazame kwanza aliyedhurika, kisha ndipo tutafute wa kulaumiwa. Mtoto akianguka madrasa, mzazi aambiwe siku hiyohiyo na mwalimu, wala asisikie kwa mtoto wa jirani.

(d) Tuwe ndani kama tulivyo nje. Kanzu nyeupe na hijabu ya madrasa ni tangazo. Mwanafunzi anayewatukana watu kituo cha daladala akiwa ameivaa, anavunja ahadi ambayo wenzake wote wameitoa.

(e) Na sisi tulio upande wa jamii tuwe waadilifu. Tuna haki ya kuuliza, hatuna haki ya kuzua. Tuulize kwa mwenye jukumu, kwa adabu, kabla ya kuuliza barazani. Anayejitokeza kusema ukweli mchungu tumpokee vizuri, maana tukimzomea leo, mwingine kesho atanyamaza.

Wanafunzi, mnaweza kuanza leo. Kiongozi wa darasa aliyekusanya fedha za madaftari aandike majina na kila alichopokea, na aisome orodha hiyo mbele ya wenzake hata kama hakuna aliyemwomba. Ni fedha kidogo. Lakini mtoto aliyezoea kutoa hesabu ya shilingi elfu mbili, akikua akapewa hospitali, benki au wizara, mkono wake utakuwa umeshajifunza.

Tukumbuke kwamba hesabu tunayowatolea watu ni ndogo. Kuna Siku ambayo tutatoa hesabu mbele ya Yule asiyehitaji stakabadhi, na ambaye hakuna programu ya kumhadaa. Aliyezoea uwazi hapa duniani, huko atakuwa na wepesi kwa rehema za Mola wake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutimiza amana, atuepushe na riyaa na dhana mbaya, na awalipe kheri wazazi na wahisani wote wanaotuamini na watoto wao na mali zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.